Upande mmiliki wa uhusiano katika Hibernate

Unatumia Hibernate, maktaba ya Java inayohifadhi vitu vya programu kwenye kanzidata. Umeongeza oda kwenye orodha ya mteja, umehifadhi, programu haijalalamika. Unafungua jedwali la oda na kukuta safu ya mteja_id ina NULL, yaani haina thamani. Oda ipo, mwenyewe hajulikani.

Chanzo ni hiki. Kwenye Java uhusiano una ncha mbili: Mteja ana orodha ya Oda, na kila Oda ina fildi inayomtaja Mteja. Kwenye kanzidata kuna sehemu moja tu, ufunguo wa kigeni mteja_id (safu inayotaja rekodi ya jedwali lingine) ulio katika jedwali la oda. Kwa hiyo Hibernate huiangalia ncha moja tu inapoandika safu hiyo, na ncha hiyo ndiyo huitwa upande mmiliki. Nyingine ikibadilishwa peke yake, safu haiguswi.

Mteja mmoja akiwa na oda nyingi, mmiliki kwa kawaida ni Oda, yenye anotesheni (alama za kuielekeza Hibernate) @ManyToOne na @JoinColumn(name = "mteja_id"). Dukani tungesema mteja ndiye mwenye oda, lakini hapa anayeshika ufunguo wa kigeni ndiye mmiliki. Upande wa Mteja huandikwa @OneToMany(mappedBy = "mteja"), na neno lililo ndani ya mappedBy ni jina la fildi ya Java, si la safu. Ukiweka mteja_id hapo, programu itagoma kuwaka. Kosa la namna hiyo halina shida, linajitangaza.

Baya zaidi ni kuisahau mappedBy kabisa. Hibernate itadhani hayo ni mahusiano mawili yasiyojuana, na ule wa Mteja utatafutiwa jedwali la kati, mfano Mteja_Oda. Ukiona jedwali ambalo hukuliomba, au kosa la SQL linalodai jedwali usilolijua, anzia hapo.

Dawa ya NULL ni kuandika metodi moja ndani ya Mteja, tuiite ongezaOda, inayofanya yote mawili: kuiweka oda kwenye orodha, kisha kuita oda.setMteja(this). Safu nayo iwekewe NOT NULL, ili kanzidata ikatae papo hapo.

Ukikutana na TransientPropertyValueException, Oda inamtaja Mteja ambaye bado hajahifadhiwa. Mhifadhi kwanza, au weka cascade (agizo la kupitisha kitendo hadi vitu vilivyounganishwa) upande wa Mteja, kisha mhifadhi yeye na oda zitafuata. Tafadhali usibandike CascadeType.ALL kwenye @ManyToOne ili kosa liondoke tu: siku utakapofuta oda moja, Hibernate itajaribu kumfuta na mteja.

LazyInitializationException ikitokea, ramani (hizo anotesheni za uhusiano) husingiziwa bure. Orodha ya @OneToMany haisomwi hadi iguswe, na wewe umeigusa wakati sesheni, kipindi cha mawasiliano na kanzidata, imeshafungwa. Wengi hukimbilia EAGER, yaani orodha isomwe mara moja bila kusubiri. Mimi naona ni kuhamisha tatizo, kwa sababu kila swala (ombi la data) la mteja litaanza kubeba oda hata pasipohitajika. Tumia join fetch, inayozisoma oda pamoja na mteja, kwenye swala linalozihitaji.

Kabla ya kubadilisha anotesheni yoyote, soma SQL inayotoka. Washa logi ya org.hibernate.SQL kwa kiwango cha DEBUG. Thamani zitaonekana kama alama za kuuliza, na NULL hujificha humo humo, kwa hiyo katika Hibernate 6 washa pia org.hibernate.orm.jdbc.bind kwa kiwango cha TRACE. INSERT ya oda ikipeleka null mahali pa mteja_id, kagua ni wapi setMteja haikuitwa.