Pawa saplai ya gemu: soma namba kabla hujatuma pesa

Mvua zikianza, kuanzia Kondele ya Kisumu hadi Kaptembwo ya Nakuru, wenye vibanda vya gemu huuliza jambo moja: stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, sasa PS4 haiwaki, pawa saplai nitapata wapi? Kuipata sehemu hiyo, inayopokea stima na kuigeuza iwe ya kutumiwa na mashine, si kazi. Zipo Kisumu, zipo Nakuru, na zikikosekana, wauzaji wa Luthuli Avenue kule Nairobi watakutumia kwa basi. Kazi ni kununua ile inayoingia kwenye mashine yako, na kabla ya hapo kuwa na hakika kwamba pawa saplai ndiyo iliyokufa. Pesa nyingi hupotelea katika mambo hayo mawili, na yote mawili yanaepukika ukiwa na bisibisi zinazofaa na multimita ya kawaida.

Namba

Ukimwambia muuzaji "nataka ya PS4" hujamwambia kitu. Geuza mashine usome kibandiko: utaona CUH- na tarakimu nne. Mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Za mwisho huonyesha soko ambalo mashine ilitengenezewa (15 ni Marekani, 16 ni Ulaya), nazo hazibadilishi pawa saplai unayohitaji.

PS4 ile nene ya kwanza, CUH-10, ina ADP-240AR, na konekta yake ndogo ina pini 5. CUH-11 kwa nje ni vigumu kuitofautisha na hiyo, lakini ndani ina ADP-240CR yenye pini 4. CUH-12, ambayo kifuniko chake chote hakina sehemu ya kung'aa, inatumia ADP-200ER, au N14-200P1A ambayo ni ya mtengenezaji mwingine lakini kazi ni ile ile. Ukija kwenye Slim, yaani PS4 nyembamba, CUH-20 ni ADP-160CR au N15-160P1A, CUH-21 ni ADP-160ER, na kwenye CUH-22 utakuta N17-160P1A. Pro nazo zinafuatana: CUH-70 ina ADP-300CR, CUH-71 ina ADP-300ER, CUH-72 ina ADP-300FR.

Hata hivyo, kibandiko cha nje nakitumia kukisia tu. Mashine nyingi zinazozunguka huku zimeshafunguliwa, na fundi aliyepita huenda alibadilisha kifuniko kizima. Fungua, soma lebo ya pawa saplai yenyewe, piga picha lebo na konekta zikionekana pamoja, kisha umtumie muuzaji picha hiyo. Naye mwambie akutumie picha kama hiyo ya ile anayouza. Picha mbili zikikaa pamoja kwenye simu, hakuna ubishi tena.

Kwa nini pini zina uzito hivyo? 12V, ambayo ndiyo inayoendesha mashine nzima, hupita kwenye vyuma viwili vipana vinavyosimama juu ya bodi (saketi kuu ya mashine) na kuingia kwenye pawa saplai. Konekta ndogo inabeba 4.8V ya stendibai (umeme mdogo unaokuwepo hata mashine ikiwa haijawashwa), waya wa ardhi, na waya ambao bodi hutumia kuiamuru pawa saplai itoe ile 12V. Wapo wanaokata nyaya za pini 5 na kuziunga kwenye konekta ya pini 4. Ukikosea mpangilio, 4.8V inaenda mahali isipotakiwa, na sasa kilichoungua ni bodi. Sishauri mtu afanye hivyo ili kuokoa siku mbili za kusubiri mzigo.

Je, kweli imekufa?

Anza mbali na mashine. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani. Kwa waya mwembamba wa umbo la nane inatakiwa iwe ya 3A. Itoe, ipime. Kisha badilisha waya wenyewe. Ule wa redio au wa DVD wa umbo hilo hilo unafaa kujaribia. Mashine zimebebwa kutoka Homa Bay hadi Kisumu mjini kwa sababu ya fyuzi ya shilingi chache.

Sasa angalia tabia. Mashine isiyolia wala kuonyesha taa yoyote ndiyo mshukiwa wa kweli wa pawa saplai. Ikilia mara moja, taa ya buluu ikamulika kidogo kisha ikazima, huenda ni pawa saplai iliyochoka, lakini pia huenda ni shoti kwenye bodi. Taa ya buluu inayopepesa bila kuwa nyeupe ina sababu nyingi, kuanzia HDMI na diski hadi chipu kuu, kwa hiyo usikimbilie kununua chochote. Taa nyekundu ni joto. Ikizima katikati ya mechi bila onyo, piga vumbi nje kwanza: kwenye PS4 nene, hewa ikishatoka kwenye hitisinki (chuma cha kupoza chipu) hupitia ndani ya pawa saplai ndipo itoke nyuma, kwa hiyo hitisinki iliyoziba huipikia pawa saplai hewa moto.

Kwenye meza, pima stendibai. Pawa saplai ikiwa imechomekwa kwenye stima, konekta ndogo itoe karibu 4.8V papo hapo. Ukikuta sifuri, imekufa. Lakini usiihukumu kwa 12V: kwenye ile mianya miwili mikubwa utasoma 0V hata kama ni mpya kabisa, kwa sababu 12V haitoki mpaka bodi iiamuru. Pawa saplai nzima zimetupwa kwa kosa hili, na wauzaji wamerudishiwa mali isiyo na ubaya.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachookoa pesa nyingi zaidi. Pawa saplai ikiwa imetolewa, weka multimita kwenye mlio na uguse vile vyuma viwili vya bodi. Ikilia mfululizo, 12V ina shoti kwenye bodi. Pawa saplai mpya itajizima tu, au itaungua pia. Peleka bodi kwa fundi wa bodi na uache pesa yako mfukoni.

Onyo moja kwa anayetaka kufungua sanduku la pawa saplai lenyewe: kapasita kubwa ya ndani hujaa hadi karibu 339V au zaidi, maana 240V yetu huzidishwa kwa 1.41 ikishakuwa mkondo wa moja kwa moja. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Ipunguze kwa balbu ya 240V yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha upime kabla ya kugusa. Ukikuta fyuzi ya ndani imeungua na kuwa nyeusi, usibadilishe fyuzi peke yake: karibu kila mara kuna transista au daraja la dayodi lililopiga shoti nyuma yake, na fyuzi mpya itapasuka sekunde ile ile. Mafundi waangalifu huwasha kwa mara ya kwanza wakiwa na balbu ya nyuzi ya 100W iliyounganishwa mfululizo kwenye waya wa stima unaoingia pawa saplai. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo.

Kununua

Kati ya mtumba uliotolewa kwenye mashine halisi na nakala mpya isiyojulikana ilikotoka, mimi nachagua mtumba. Nakala nyingi ni nyepesi mkononi. Ukimulika tochi kwenye matundu utaona nafasi tupu mahali ambapo panatakiwa kuwa na koili za kuchuja na vipande vizito vya alumini. Zinawasha mashine vizuri kwenye menyu, halafu gemu nzito ikianza zinaanguka.

Mtumba nao ukague. Mulika kapasita: vichwa viwe bapa, visiwe vimevimba wala kutoa majimaji ya kahawia. Tazama mianya ya 12V. Plastiki iliyobadilika rangi au kulainika inamaanisha mguso ulikuwa mbaya na ukapata moto. Nusa. Tafuta mende. Nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu joto la pawa saplai huwavuta, na kinyesi na mizoga yao huunganisha sehemu zenye volti kubwa ambazo hazitakiwi kukutana. Karibu na ziwa, vijidudu vinavyofuata taa usiku hunyonywa na feni na kukaa humo humo na unyevu. Nakuru shida zaidi ni vumbi la Januari na Februari.

Jaribu kabla ya kulipa. Muuzaji mzuri ana mashine ya modeli hiyo hiyo dukani. Aiingize humo, aweke gemu ya mpira, na ichezwe nusu saa. Kama unaagiza kutoka mbali, mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi, kabla ya M-Pesa, kwamba isipowasha utairudisha, na ni ndani ya siku ngapi.

Kufunga hakuna makuu. Skrubu za nyuma zimefichwa chini ya vibandiko na zinahitaji bisibisi ya nyota yenye tundu katikati. Inua pawa saplai moja kwa moja juu, usiipinde, ili vyuma vya bodi visilegee. Chomoa konekta kwa kushika plastiki yake, usivute nyaya. Kumbuka waya mwembamba wa antena unaopita pembeni. Ukiubana, WiFi itakuwa dhaifu na utadhani bodi imeharibika. Kwenye PS4 nene hitisinki haiguswi, kwa hiyo pesti ya joto haihitajiki.

Zisizo PS4

Kwa pawa za nje kanuni ni hii: volti ziwe sawa kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. PS2 Slim zenye adapta ya nje zinataka 8.5V; adapta ya 12V ya dekoda, hata kama ncha yake inaingia, itaiua. Docki ya Nintendo Switch inahitaji USB-C inayotoa 15V na 2.6A, kwa hiyo chaja ya simu inaweza kujaza betri polepole lakini isionyeshe picha kwenye tivii.

Xbox 360 ndiyo yenye mitego. Za kwanza zilikuja na pawa ya 203W, zikafuata za 175W, kisha 150W. Ya 203W inaingia kwenye mashine nene zote, lakini ya 150W haiingii kwenye mashine ya 203W, na mwenye kukata plastiki ili iingie anaandaa moto. Xbox 360 Slim ya 135W na Xbox 360 E ya 120W zina ncha zao tofauti. Pia soma upande wa kuingiza stima: pawa nyingi za Xbox 360 na Xbox One ya kwanza zilizotoka Marekani zimeandikwa 100–127V. Hiyo usiichomeke kwenye ukuta wa Kenya. Tafuta iliyoandikwa 200–240V. Xbox One S ina pawa ya ndani inayokubali 100 hadi 240V.

Isiungue tena

Kanda hii, hasa Kisii na Kakamega, ina radi nyingi mno, na hakuna kifaa cha dukani kitakachozuia radi iliyo karibu. Ngurumo zikianza, chomoa plagi. HDMI na waya wa antena ya tivii navyo vitolewe, kwa sababu umeme huingilia huko pia.

Kwa stima inayokatika na kurudi, kilinzi cha friji au cha tivii chenye kuchelewesha ndicho ninachokipendelea kuliko ekstensheni yenye taa nyekundu tu. Volti zikipita kiwango kinakata, na stima ikirudi kinasubiri itulie kwanza. Volti za chini zenyewe si hatari kubwa, kwani pawa saplai za PS4 hukubali kuanzia 100V. Kinachoua ni ule mruko wa kurudi. Ukitumia inveta ya sola, iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi linalofanya pawa saplai ivume na kupata moto kuliko kawaida, na ukisikia mvumo huo, zima hapo hapo.