Betri au jenereta? Piga kwanza hesabu ya usiku mmoja

Kwenye dawati letu la usalama wa umeme swali linalorudi kila wiki ni hili, "nichukue jenereta au hizi betri kubwa za kubeba, ipi nzuri?" Mimi huwa simjibu mtu mpaka aniambie umeme ukikatika anataka kuwasha nini na kwa masaa mangapi, maana jibu liko hapo, haliko kwenye maneno ya muuzaji.

Kuna jamaa alikuja analalamika betri yake mpya ni mbovu, eti boksi limeandikwa 1000 lakini kawasha friji, TV na taa na usiku haujafika hata katikati kila kitu kimezima. Tukaigeuza tukasoma kibandiko: wati 1000, sawa, ila wati-saa 512. Sasa wati ni nguvu inayoweza kutoka kwa wakati mmoja, yaani upana wa bomba, na wati-saa ndo ukubwa wa tenki. Jamaa alinunua bomba pana lililofungwa kwenye kindoo. Na hata hizo 512 hazitoki zote, kwa sababu inveta inakula chake inapobadilisha umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kadiria asilimia 15 inapotea, na ukiiacha imewashwa bila kuchomeka kitu bado inanyonya kidogo kidogo usiku kucha.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Taa 4 za LED za wati 9 kwa masaa 5 ni wati-saa 180, ruta ya intaneti wati 10 kwa masaa 12 ni 120, laptop wati 50 kwa masaa 3 ni 150, simu 3 weka 45. Jumla 495, gawa kwa 0.85 kufidia ile asilimia 15 inayopotea, unapata kama 580, kwa hiyo betri ya wati-saa 700 inakutosha na chenji inabaki. Ukiongeza friji ya kawaida, ambayo kwa nusu siku inaweza kula kama 600, basi jumla ni 1095, ukigawa tena kwa 0.85 unazungumzia 1300, mimi ningekwambia chukua 1500. Friji ina jambo lingine pia, mota yake ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, sekunde tu, lakini sekunde hiyo inatosha inveta ndogo kujizima, kwa hiyo angalia na ile namba ya nguvu ya kuanzia.

Vitu vya joto sahau. Birika la umeme la wati 2000, pasi, jiko la koili, hivyo vinamaliza hiyo betri ya 1500 ndani ya saa moja na usiku bado mbichi.

Hapo ndo jenereta inapokuja na ubabe wake, pampu ya maji inasukuma, na mradi mafuta yapo hata siku 4 unakwenda. Ila haipendi kazi ndogo. Jenereta ya kawaida isiyo ya inveta (ya inveta inaweza kupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo), kwa umeme wa hezi 50, nyingi zinazunguka mizunguko 3000 kwa dakika hata kama umewasha taa 3 tu, yaani umekodi lori kupeleka bahasha, na ya dizeli ukiizoesha mzigo mwepesi inajaza masizi kwenye ekzosi.

Sasa nikae hapa kidogo kwa sababu hapa watu wanakufa. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, inashika kwenye damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na mtu anaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Kufungua dirisha hakutoshi, kuiweka gereji mlango wazi hakutoshi, barazani chini ya dirisha hakutoshi. Iwe nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, ekzosi itazame mbali na milango na madirisha, na mvua ikinyesha usiiingize ndani, ijengee kibanda kilicho wazi pande zote. Kuongeza petroli, zima kwanza isubiri ipoe. Najua inakera.

Na ule waya wenye plagi pande zote mbili, wa kurudisha umeme nyumbani kupitia soketi, utupe leo. Umeme wako unatoka mpaka kwenye transfoma ya mtaani, inaupandisha kuwa maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa ndo anaupokea. Fundi mwenye leseni akufungie swichi ya chenjiova, ile inayochagua nyumba ipate umeme wa nguzo au wa jenereta, kamwe sio vyote pamoja, basi.

Betri haitoi moshi, unalala nayo chumba cha pili, anayeishi fleti ya ghorofani kwa kweli hana chaguo lingine la maana. Tafuta za litiamu zilizoandikwa LiFePO4, zinavumilia joto kuliko aina nyingine na nyingi unazichaji mara 3000 hivi kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Ikivimba usiichaji tena. Kama mgonjwa wako anatumia mashine ya oksijeni, hiyo inaweza kula wati 300 na zaidi bila kupumzika, hata ile betri ya 1500 haimalizi usiku, panga na daktari mapema.

Mwenye uwezo ningemshauri achukue vyote, vidogo. Jioni unawasha jenereta masaa 2, inavuta pampu, inagandisha friji na inachaji betri kwa mpigo, hapo mafuta yanafanya kazi ya maana, kisha unazima mnalala kwenye betri kimya. Ila jenereta iwashe kila mwezi dakika 20 ukiwa umeipa mzigo, petroli ikikaa miezi inaziba kabureta, na betri usiiweke stoo ikiwa tupu, iache na chaji zaidi ya nusu uicheki kila miezi 3.