Umeme wa maji, jiko la makala: dhana potofu kuhusu sera ya nishati zinazosikika Lubumbashi

"Kongo haidaiwi kitu katika suala la tabianchi, kwa kuwa umeme wetu unatokana na maji." Ni kweli kwamba karibu umeme wote wa nchi hii huzalishwa na mabwawa, lakini Wakongo wapatao wanne kati ya watano hawana umeme kabisa, na chakula chao hupikwa kwa kuni na makala, yaani makaa ya miti. Anayekaa karibu na barabara ya Kasenga au ya Likasi huwaona kila alfajiri wasukuma baiskeli wakiingiza mjini magunia yaliyopangwa juu kuliko vichwa vyao, kutoka katika misitu ya miombo ambayo kila mwaka iko mbali zaidi na mji. Hata nyumba iliyounganishwa na umeme huweka mbabula, yaani jiko la makala, nyuma ya jiko, kwa sababu delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haisubiri bukari (ugali) iive. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hewa chafu inayohesabiwa kwa jina la Kongo inatokana na kupotea kwa misitu, wala si moshi wa viwanda. Wapo wanaodai basi makala yapigwe marufuku. Bila nishati mbadala, marufuku hiyo ingepandisha tu bei ya gunia na kuongeza vizuizi vya kutoza hela barabarani.

"Inga 3 ikijengwa, giza litakwisha." Dhana hii, kuhusu bwawa linalopangwa kujengwa Inga kwenye Mto Kongo, inapendwa na wanasiasa wa pande zote, nayo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Inga 1, yenye megawati 351, ilianza kazi mwaka 1972, na Inga 2, yenye megawati 1,424, ikafuata mwaka 1982. Kutoka huko ulivutwa mstari wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Mstari huo hubeba umeme mnyoofu wa msongo mkubwa, ambao hauwezi kuchotwa njiani kwa transfoma ya kawaida bila kituo ghali cha kuugeuza, kwa hiyo vijiji vilivyo chini ya nyaya zake vimebaki gizani kwa zaidi ya miaka 40. Wala Katanga haikungoja Inga: bwawa lake la Mwadingusha lilizinduliwa mwaka 1930, la Nzilo mwaka 1952 na la Nseke mwaka 1956. Kuzalisha ni kazi moja, kugawa ni nyingine, na mgombea anayehesabu megawati bila kutaja transfoma za Katuba na Ruashi, mitaa ya Lubumbashi, hajajibu swali la mpiga kura wake.

"Ni Snel peke yake inayoruhusiwa kuuza umeme." Snel ni shirika la umeme la serikali, lakini sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta hiyo kwa wawekezaji binafsi na kwa mikoa.

"Mkataba wa Paris unatukataza kuchimba petroli." Mkataba huo wa tabianchi wa mwaka 2015 haumkatazi yeyote kuchimba, kila nchi hujiwekea ahadi yake. Mwaka 2021 Kongo yenyewe iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 21 kufikia 2030, na asilimia 19 kati ya hizo zinategemea msaada wa nje. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya petroli na 3 vya gesi, baadhi yake vikiingia katika vinamasi vya Cuvette Centrale, yaani bonde la kati la Mto Kongo, ambavyo udongo wake, tukijumlisha na upande wa Brazzaville, umehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Zabuni ya petroli ilifutwa Oktoba 2024, na sababu iliyotolewa na wizara haikuwa Paris: ni uhaba wa maombi yanayokubalika, maombi yaliyochelewa na ukosefu wa ushindani. Mbunge anayelaumu wageni kwa kufutwa huko angeanza kwa kuuliza zabuni hiyo iliandaliwa vipi Kinshasa.