Je, Wajua kwa Nini Upinde Hauhitaji Leseni Uingereza?

Huko Uskoti, tangu tarehe 31 Desemba 2016, mtu anayetaka kuweka nyumbani bunduki ya upepo, hata ile hafifu ya kulengea makopo, hana budi kwanza kupata cheti cha polisi. Jirani yake anayetaka upinde na mishale hulipia dukani na kutoka navyo bila kibali chochote. England na Wales nako ni vivyo hivyo: upinde wa kawaida hauna leseni, hausajiliwi popote, wala sheria haikuweka umri wa chini wa kuumiliki. Anayeanza kujifunza kulenga shabaha hufurahi kusikia hayo, lakini ni vyema aijue pia sababu yake, kwa kuwa humo ndimo yanamopatikana masharti yanayomhusu hasa.

Mzizi wa jambo ni neno moja: mtutu. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968 inahusu hasa silaha yenye mtutu, inayoweza kuua, na inayorusha risasi au kitu kingine kupitia mtutu huo. Mwaka 2017 Bunge liliongeza kipimo, kwamba silaha ya namna hiyo itahesabiwa kuwa ya kuua ikiwa kinachotoka kwenye mdomo wa mtutu kina nishati inayozidi joule 1 (joule ni kipimo cha nishati). Hebu tuupime upinde kwa mizani hiyo. Mshale wa gramu 20, ukifumwa kwa upinde mwepesi wa mwanafunzi na kwenda kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde, hubeba joule 16. Kwa nishati peke yake, upinde ungenaswa bila shaka. Unachoponea ni umbo lake: wano, yaani kijiti cha mshale, huegemea ubavuni mwa upinde na kusukumwa na upote, yaani ile kamba inayovutwa, wala halipiti ndani ya bomba lolote. Palipo na kipimo lakini hapana mtutu, sheria hiyo haina la kusema.

Historia nayo ina sehemu yake. Kwa karne nyingi watawala wa England waliuona upinde kuwa wajibu wa raia. Sheria ya mwaka 1541, wakati wa Mfalme Henry VIII, iliwataka wanaume wa chini ya miaka 60 wawe na upinde na kuufanyia mazoezi, na kila mtoto wa kiume wa miaka 7 hadi 17 alipaswa kupewa nyumbani upinde mmoja na mishale miwili. Nchi iliyowahi kuudai upinde katika kila nyumba ilikuja kutunga sheria za silaha ikiwa na hofu ya bunduki, na upinde ukabaki nje.

Hata hivyo, mwanafunzi asichanganye upinde huu na upinde wa kifyatulio, ule unaolazwa juu ya kitako kama cha bunduki na kuachiliwa kwa kidole kimoja. Huo una sheria yake ya mwaka 1987, na leo aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuununua.

Sasa yaje masharti yenyewe. Sheria, kwa kuwa haikukizuia kitu, hukiangalia kitendo, na hapo mzigo wote humwangukia mwenye upinde. Tumchukue mwanafunzi wa England anayepanda basi kwenda uwanjani. Upinde wake, ukiwa umefunguliwa upote na kutiwa ndani ya mfuko wake, ni mbao tu na vipande vya chuma. Mishale ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Sheria ya mwaka 1988 inakataza kubeba hadharani kitu chenye makali au ncha kali bila sababu nzuri, na chembe, yaani kichwa cha mshale, ina ncha. Kwenda mazoezini ni sababu nzuri, na kurudi nyumbani pia. Kuzurura nayo sokoni usiku si sababu. Aidha, Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya mwaka 1953 hukigeuza kitu chochote kuwa silaha haramu kikibebwa hadharani kwa nia ya kudhuru. Kwa maoni yangu, mazoea ya kufunga mishale ndani ya podo, yaani mfuko wa mishale, lenye kifuniko na kutokaa na upinde uliofungwa upote njiani yanafaa kufundishwa siku ya kwanza, pamoja na namna ya kusimama na kulenga.

Kuwinda nako kumefungwa kabisa kwa mwanafunzi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kutumia upinde kuua ndege au mnyama yeyote wa porini, sungura akiwemo. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa upinde ni halali, windo nalo ni halali, na dhana hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kulenga shabaha katika bustani ya nyumbani hakukukatazwa kwa jina, lakini mshale unaoruka ukuta na kumjeruhi jirani humfikisha aliyeuachia mahakamani. Ndiyo maana chama cha wapiga upinde, chenye uwanja uliopimwa na bima inayokuja na uanachama, ni mahali pa kuanzia hata kabla ya kununua upinde.

Msomaji wa Kenya ataitambua sura hii, kwani sheria yake ya bunduki ina asili ya Kiingereza na nayo huitaja silaha yenye mtutu. Uwindaji ulipigwa marufuku huko mwaka 1977, basi upinde umebaki kuwa wa shabaha, kama ule aliokwenda nao mpiga upinde wa Kenya, Shehzana Anwar, kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Tanzania nayo, katika sheria ya hifadhi za taifa, anayekutwa ndani ya hifadhi na silaha bila kibali, upinde ukiwemo, ndiye anayepaswa kuridhisha mamlaka kwamba hakuubeba kwa ajili ya kuwinda.