Karatasi ya damu haijawahi kuona kidonda

Mwezi uliopita mama mmoja aliniwekea mezani bahasha ya kaki yenye karatasi sita za maabara. Zote ni za kipimo kimoja, H. pylori kwa damu, yaani bakteria wa tumboni anayeweza kuleta vidonda, na zote zimeandikwa chanya. Ya kwanza ina miaka minne. Kati ya karatasi na karatasi amemeza dozi tano za antibaiotiki, ameacha maharage, machungwa, chai ya maziwa na pilipili, na amepungua mpaka magauni yanampwaya. "Daktari," akaniambia, "vidonda vyangu ni sugu, vimegoma dawa."

Kwa sababu ya kule kupungua tukaingiza kamera. Mfuko wa chakula safi, duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, safi, hakuna kidonda wala kovu lake. Nyama tuliyonyofoa ikarudi kutoka maabara bila bakteria hata mmoja.

Nimelieleza hili kliniki mpaka sauti imenikauka, basi leo naliandika. Kipimo cha damu cha H. pylori hakitafuti kidonda. Hakitafuti hata bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili wako ulizitengeneza siku ulipokutana na bakteria huyo, na silaha hizo hubaki kwenye damu miezi, mara nyingi miaka, baada ya bakteria wote kufa. Tazama kovu la BCG mkononi mwako. Linasema ulichanjwa utotoni. Hakuna anayeliona akakuandikia dozi nyingine, na mwaka unaofuata akalitazama tena akashangaa bado lipo. Mama huyu amefanyiwa hivyo hivyo mara tano. Inawezekana kabisa dozi ya kwanza ilimponya, na zile nne zilizofuata zikampa kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni na hasara.

Halafu kuna hesabu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za dunia uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watu wapatao 70 kati ya 100 barani Afrika wanaye bakteria huyu. Wengi humpata utotoni, nyumbani, kwa mama, baba au ndugu. Simama kituo cha daladala upime damu za abiria: wengi watatoka chanya, pamoja na wale ambao hawajawahi kuumwa tumbo. Katika walio naye, takriban mmoja tu kati ya kumi ndiye hupata kidonda maishani. Kwa hiyo ukija na maumivu ya chembe na karatasi chanya, sijajua bado kwa nini unaumwa. Nimejua umekulia huku kwetu.

Watu hunijibu kwa kisa cha daktari wa Australia aliyekunywa bakteria. Kisa ni cha kweli. Robin Warren na Barry Marshall, kule Perth, ndio waliotuonyesha kwamba bakteria huishi kwenye tumbo lenye asidi, na mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria waliooteshwa maabara. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini husimuliwa kwamba alipata vidonda. Hakupata! Alipata kichefuchefu, akatapika, na kamera ikaonyesha utando wa tumbo umevimba, yaani gastraitisi. Hata aliyemnywa kwa makusudi hakuota kidonda.

Pilipili haitoboi tumbo. Mawazo huzidisha maumivu, ni kweli, lakini mgonjwa wa nje mwenye mawazo simtafutii kidonda kwa sababu hiyo. Kinachotoboa tumbo, H. pylori awepo asiwepo, ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Nimempokea mzee aliyeacha pilipili miaka mingi, akiogopa vidonda, huku akimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti. Alikuja na choo cheusi kama lami. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu magoti.

Nadhani lugha yetu nayo imetuponza. "Vidonda vya tumbo" limekuwa jina la kila kitu kilicho juu ya kitovu: kiungulia, gesi, kushiba haraka, kuwaka chembe. Tukiwaingiza kamera watu wenye dalili hizo, wengi hatuwakuti na kidonda. Nilipomwambia yule mama, akanikazia macho. "Kwa hiyo maumivu haya nayatunga?" Hapana, mama. Maumivu yapo. Kuna tumbo ambalo neva zake zinahisi kupita kiasi na misuli yake inachelewa kulegea chakula kinapoingia. Tunaiita dispepsia isiyo na kidonda, ni ugonjwa kamili, na ukiitwa kwa jina la ugonjwa mwingine hautibiwi.

Na kuna omeprazole, dawa ya kuzuia asidi, inayonunuliwa dukani kama peremende. Denmark walichukua watu 120 wazima wasio na shida ya tumbo. Nusu wakapewa dawa ya jamii hiyo kwa wiki nane, kisha ikaondolewa bila wao kujua, na nusu wakapewa vidonge vitupu muda wote. Matokeo yalitoka mwaka 2009: baada ya dawa kuondolewa, asilimia 44 walipata kiungulia au dalili nyingine za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Watu wazima kabisa! Tumbo lililozuiwa asidi kwa muda huitoa kwa wingi likifunguliwa. Mgonjwa wangu anaposema "nikiacha tu vidonda vinarudi", mara nyingi ni hilo analolihisi. Anakimbilia maabara, anapimwa damu, ni chanya, na dozi inaanza upya.

Ukitaka kujua kama bakteria yuko hai sasa, pima choo, kipimo cha antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe, au pumzi pale inapopatikana. Acha omeprazole wiki mbili kabla, na antibaiotiki wiki nne kabla, la sivyo kipimo kitasema hayupo naye yupo. Akipatikana hai, simchukulii kirahisi. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa WHO wamemweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Na mwenye kutapika damu, choo cheusi, chakula kukwama au kupungua bila sababu asibishane na vipimo, aje kwenye kamera.

Sasa yanayonisumbua mimi. Miongozo inasema klarithromisini, mojawapo ya antibaiotiki za dozi hii, isitumike kwa kukisia mahali ambapo usugu wa bakteria dhidi yake umevuka asilimia 15. Wengi wetu hatupimi usugu, na bado tunaiandika kila siku. Nimeandika hata mimi, nikitumaini. Nikimtibu mwenye dispepsia isiyo na kidonda, tafiti zinaonyesha karibu mmoja kati ya 14 ndiye atakayepona kwa sababu ya dozi ile. Je, ni haki kuwapa 13 wengine antibaiotiki za siku 14? Nikifikiria saratani, natibu. Nikifikiria usugu, na kwamba anarudi kwenye nyumba ile ile yenye bakteria wale wale, mkono unasita. Sijaacha kusita.

Yule mama nilimpunguzia polepole omeprazole aliyokuwa akimeza, nikamrudishia maharage, nikamwonya kwamba wiki za mwanzo zitawaka. Wiki ya pili akanipigia: "Daktari, vimerudi." Nikamuuliza yuko wapi. Alikuwa kwenye benchi la maabara, anasubiri kutolewa damu. Tukazungumza mpaka akainuka.