Goti limevimba miezi, na bado mnakanda tu?

Wenye watoto wa sekondari naombeni mnisome. Mtoto wa dada yangu hapa Mbagala, miaka 15, alianza kulalamika goti linamuuma usiku, sisi wote tukasema ni mpira huo, akachuliwa, akakandwa na maji moto, akapelekwa kwa mzee anayeunga mifupa akafungwa vijiti, miezi minne ikakatika hivi hivi goti linazidi tu kuvimba. Eksirei ndo ikatufumbua macho, na baadae majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kupimwa, yakasema osteosakoma, kansa ya mfupa. Tangu hapo nimesikia mengi sana mtaani.

"Si alianguka uwanjani? Ndo imeleta kansa." Hapana jamani. Kuanguka hakuleti kansa ya mfupa, ila ukishaumia ndo unaliangalia goti vizuri na kuona uvimbe ambao ulishakuwepo. Tena mfupa wenye uvimbe unakuwa dhaifu, unaweza kuvunjika kwa kujikwaa tu. Dada alijilaumu mno kwa kumruhusu kucheza, hakuwa na kosa lolote.

"Kansa ni ya watu wazima." Hii inawapata zaidi vijana wa umri ule wa kurefuka haraka haraka, na sehemu inayoipenda ni karibu na goti, halafu juu ya mkono kule begani. Kwa watu wazima kansa ya kwenye mfupa mara nyingi imetoka kwingine, kwenye titi au tezi dume, na inatibiwa kufuata ilikotoka.

"Ni maumivu ya kukua." Hayo mara nyingi yanakuja miguu yote miwili, jioni, hamna uvimbe, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawa. Mguu mmoja, palepale kila siku, mpaka anaamka usiku, na pamevimba, hapo nenda kapige eksirei.

Sasa hii ndo iliyotuchelewesha hata baada ya eksirei, eti "kansa ikiguswa na sindano au kisu inasambaa". Bibi alikataa kabisa kinyama kisichukuliwe. Lakini bila kinyama daktari anatibu nini? Usaha ndani ya mfupa au TB ya mfupa vinaweza kufanana nayo kwenye picha, na kansa zenyewe ziko aina tofauti. Inayosambaza ni kansa yenyewe, inapita kwenye damu na mara nyingi inakimbilia mapafuni, ndo maana wanapiga CT skani ya kifua. Kitu cha kweli hapo ni kwamba kinyama kichukuliwe kwa mpango wa timu itakayokuja kufanya upasuaji, sababu sindano ikipita pabaya inaharibu operesheni ya baadae.

"Wakate mguu yaishe." Zamani, kabla ya miaka ya 1970, walikuwa wanakata tu, na wengi walifariki kwa sababu mbegu za kansa zilishafika mapafuni bila kuonekana. Sa hivi inaanza kemo, yaani dawa za kuua kansa, kama wiki 10, halafu upasuaji, halafu kemo tena, na kwenye nchi zenye huduma zote, kama haijasambaa, karibu wawili kati ya watatu wanapona. Na siyo lazima mguu ukatwe, wengi wanatolewa kipande chenye ugonjwa na kuwekewa chuma. Kukata kunabaki pale uvimbe umeshazingira mishipa, yaani kuchelewa kunakula mguu.

Na wale mnaouliza mbona hajapigwa mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road, osteosakoma haiisikii sana mionzi. Ile kansa nyingine ya mfupa ya vijana, inayoitwa Ewing, ndo inaisikia.

Kuhusu kukanda: haiponyeshi, na uvimbe wa mfupa hautakiwi kuchuliwa kabisa. Yale mafuta ya nazi ya kumchua mtoto nilinunua mimi.