Kome wa maji baridi ni mnyama gani?

Ukiingia majini kwenye mwalo wa Jinja, mji wa Uganda ulio kando ya Ziwa Victoria, na kukanyaga kitu kigumu chenye makali ndani ya matope, huenda umemkanyaga kome. Wengi humwita konokono, kisha humwogopa wakidhani analeta kichocho. Anasingiziwa. Konokono ana gamba moja; kome ana mawili yaliyoungana upande mmoja kama kijaluba na kifuniko chake, na kichocho hakipiti kwake.

Chakula chake kimo ndani ya maji. Huyavuta kwa tundu moja, hunasa vijimea na chembechembe kwa matamvua yake, halafu huyatoa kwa tundu la pili yakiwa safi zaidi. Kome mkubwa huweza kuchuja lita kadhaa kwa siku. Asichokitaka hukiviringisha kwa ute na kukitema chini, na wadudu wa mtoni hupata mlo hapo. Anapojichimbia, hewa hupenya kwenye matope. Naye huliwa vilevile: na kamongo, na fisi maji, na yule korongo mweusi ambaye mdomo wake haufumbi katikati.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni uzazi wake. Mnyama anayejikokota hatua chache tu hufikaje juu ya mto, dhidi ya mkondo? Hubebwa na samaki. Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti wa samaki Jinja, alieleza mwaka 1961 habari za kome aitwaye Mutela bourguignati. Huyu hutoa watoto wadogo mno, kila mmoja akiburuta uzi mrefu. Mtoto akimnasa samaki aitwaye kisinja hujishikiza mwilini mwake, hupenyeza mirija na kumnyonya. Akishakuwa kome mchanga, hudondoka na kuanza maisha mahali pengine. Kwa hiyo kisinja akivuliwa akaisha, kome wakubwa wanaweza kuonekana kwa miaka kadhaa, nawe ukadhani mambo ni shwari, kumbe hawana mrithi.

Yupo pia jamaa yake, chaza wa Nile, Etheria elliptica. Huyu hajichimbii, hujigandisha kwenye mwamba, hasa penye maji yaendayo kasi. Bwawa la Owen Falls kwenye mto Nile hapo Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na Maporomoko ya Ripon yakafunikwa na maji. Mkondo ukishatulia, tope hutua juu ya miamba, na chaza aliyegandishwa hawezi kuhama.